Kupanga mahitaji ya vifaa na mfumo endeshi kwa seva ya usimamizi: mwongozo kwa ofisi za Lubumbashi

Ofisi nyingi za Lubumbashi zenye matawi Likasi, Kolwezi au Kasumbalesa hufika mahali ambapo mafundi wawili au watatu hawawezi tena kuingia kwenye kila seva mojamoja, na hapo ndipo hutafutwa programu ya kuzisimamia zote kutoka sehemu moja. Kwa kawaida mazungumzo huanzia kwenye bei ya mashine, kisha programu hulazimishwa iingie ndani ya mashine iliyokwisha kununuliwa. Mwongozo huu unafuata njia ya kinyume: vinatangulia vitu vitakavyosimamiwa, inafuata kazi itakayofanywa, halafu mfumo endeshi, na mwisho ndipo prosesa, RAM na diski. Umeme na laini ya intaneti vinahesabiwa ndani ya mahitaji yenyewe, kwa sababu katika mji wetu ndivyo vinavyoamua kama seva ya usimamizi itakuwepo siku inapohitajika.

Orodha kwanza

Andaa jedwali lenye kila seva halisi, kila seva pepe (inayoendeshwa ndani ya mashine nyingine), kila swichi, ruta na UPS (kifaa cha betri kinachoshikilia umeme unapokatika), pamoja na mahali kilipo kifaa, mfumo endeshi wake na toleo lake. Swichi na UPS husahaulika mara nyingi, ingawa hivyo ndivyo vinavyoonyesha dalili za matatizo kabla ya seva zenyewe. Ongeza safu moja ya ukuaji unaotarajiwa kwa miaka mitatu, maana fedha za kununua mashine nyingine hazitapatikana kila mwaka.

Baada ya orodha, amua ni kazi ipi hasa unayoitaka, kwa kuwa maneno "kusimamia seva" yanabeba kazi tatu ambazo mahitaji yake hayafanani. Kazi ya kwanza ni kuangalia hali ya mashine, kama inavyofanya programu ya Zabbix, na mzigo wake mkubwa huangukia hifadhidata na diski. Kazi ya pili ni kubadilisha mipangilio kwenye mashine nyingi kwa pamoja. Programu ya Ansible huifanya bila kuweka wakala (programu ndogo msaidizi) kwenye mashine zinazosimamiwa, nayo haili rasilimali nyingi: inatosha mashine ya Linux ya kuiendesha na Python kwenye seva za Linux zinazosimamiwa, huku seva za Windows zikifikiwa kwa WinRM, njia ya Windows ya kupokea amri kwa mbali. Kazi ya tatu ni kuhifadhi na kusambaza masasisho, kama zinavyofanya programu za Foreman pamoja na nyongeza yake Katello, au Red Hat Satellite, na hiyo ndiyo nzito kuliko zote.

Tofauti ya uzito inaonekana kwenye takwimu za watengenezaji wenyewe. Mifano iliyo katika mwongozo wa Zabbix inataja viini 2 vya prosesa na RAM ya GB 8 kwa vipimo (thamani zinazofuatiliwa) 1,000, viini 4 na GB 16 kwa vipimo 10,000, na viini 16 na GB 64 kwa vipimo 100,000. Satellite, kwa upande wake, inadai viini 4, RAM ya GB 20 na angalau GB 4 za nafasi ya kubadilishana (sehemu ya diski inayosaidia RAM) kabla hujasimamia hata mashine moja, na inashauri GB 300 kwa saraka ya /var/lib/pulp, inayohifadhi vifurushi, peke yake. Yachukue mahitaji hayo ya chini kama sharti la kuwasha programu tu. Hayakuahidi kwamba itafanya kazi vizuri ikiwa na mashine zako zote.

Mfumo endeshi huchaguliwa na programu

Fundi aliyezoea Debian atapenda kuweka Debian, lakini hapa mazoea si kigezo. Foreman yenyewe hukubali Debian na Ubuntu. Ukitaka Katello juu yake, unalazimika kutumia familia ya Red Hat, yaani Red Hat Enterprise Linux na mifumo inayojengwa kwa kuifuata. Kila toleo la Satellite nalo hutaja matoleo ya Red Hat Enterprise Linux linayoyakubali, na hutaka mfumo uliosakinishwa upya usio na huduma nyingine. Soma ukurasa wa mahitaji wa toleo lile hasa utakaloliweka, kwa kuwa ukurasa wa toleo la mwaka juzi unaweza kukupotosha.

Kisha angalia tarehe ya mwisho wa msaada. CentOS 7 iliisha tarehe 30 Juni 2024, na kujenga seva mpya ya usimamizi juu yake leo ni kuanza na deni. Debian 12 itapata masasisho ya usalama ya muda mrefu hadi Juni 2028, Ubuntu 24.04 hadi 2029 kwa msaada wa kawaida, Red Hat Enterprise Linux 8 hadi Mei 2029 na ile ya 9 hadi Mei 2032. Kwa upande wa Microsoft, Windows Server 2016 inafikia mwisho Januari 2027, na ile ya 2022 Oktoba 2031. Kanuni ninayoipendekeza ni kuchagua toleo ambalo msaada wake utapita umri wa mashine, ili usilazimike kubadilisha mfumo endeshi huku seva zote za kampuni zikiitegemea mashine hiyo.

Jambo linalowagusa zaidi wanunuzi wa Lubumbashi ni umri wa prosesa, kwa sababu seva nyingi zinazouzwa hapa zimekwisha kutumika kwingine. Red Hat Enterprise Linux 9 inahitaji prosesa ya kiwango cha x86-64-v2 (ngazi ya amri ambazo prosesa inazielewa), kiwango ambacho karibu kila seva iliyopo sokoni inakifikia. Toleo la 10, lililotoka Mei 2025, limepanda hadi x86-64-v3, ambacho kinahitaji amri za AVX2. Dell PowerEdge R720, mashine imara na ya bei nafuu, hubeba Xeon E5-2600 za kizazi cha kwanza na cha pili, na hizo hazina AVX2. R730 hubeba kizazi cha tatu na cha nne, ambavyo vinayo. Kabla hujalipa, mwombe muuzaji awashe mashine kwa Linux yoyote kutoka kwenye flash, uandike amri ya lscpu, kisha utafute neno avx2 kwenye orodha ya sifa. Likikosekana, mashine bado inafaa kwa toleo la 9, au kwa AlmaLinux 10, ambayo hutolewa pia katika umbo la x86-64-v2. Lakini bei yake ishuke kulingana na hali hiyo, na muuzaji aelezwe sababu.

Hesabu ya diski na RAM

Diski ndiyo inayokadiriwa vibaya kuliko kitu kingine chochote, na hali hesabu yake si ngumu. Tuseme una mashine 40, kila moja ikitoa vipimo 100, na kila kipimo kinasomwa mara moja kwa dakika. Vipimo 4,000 vikigawanywa kwa sekunde 60 vinaleta takriban thamani 67 mpya kwa sekunde. Ukizihifadhi kwa siku 90, hifadhidata itakuwa na thamani zipatazo milioni 518, na kwa kuwa thamani moja ya namba katika Zabbix huchukua karibu baiti 90, unahitaji takriban GB 47. Wastani wa kila saa, unaohifadhiwa kwa muda mrefu zaidi, unaongeza kama GB 3 kwa mwaka. Ongeza nafasi ya matukio, ya nakala rudufu inayoandaliwa kabla ya kuhamishwa, na ya kazi ya kupandisha toleo, ambapo hifadhidata inaweza kuhitaji nafasi ya ziada kwa muda. Kwa mfano huu mimi ningetenga GB 150 kwa hifadhidata, kwenye sehemu ya diski iliyo mbali na mfumo endeshi, ili kujaa kwa moja kusiiangushe nyingine.

Ukubwa peke yake hautoshi. Hifadhidata huandika vipande vidogo mfululizo, na diski za kuzunguka hulemewa mapema. Tumia SSD za seva, zenye kinga ya kupotea kwa umeme, zikiwa mbili katika RAID 1 au nne katika RAID 10, ili data iwe na nakala kwenye diski zaidi ya moja. SSD za kompyuta za nyumbani ni rahisi zaidi, ila nyingi hazina kinga hiyo, na kukatika kwa ghafla kunaweza kuharibu maandishi ambayo mfumo uliamini yamekwisha kuhifadhiwa. Kwa RAM, dai ya aina ya ECC (inayosahihisha makosa ya kumbukumbu), na uache nafasi wazi za kuongeza baadaye, maana kuongeza RAM ni nafuu kuliko kubadilisha mashine.

Kuhusu ghala la masasisho, fanya hesabu kabla ya kulitamani. Ikiwa kila moja ya seva 40 hupakua MB 500 kwa mwezi, jumla ni GB 20. Ghala kamili la mfumo mmoja likiwa GB 60, kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde litachukua zaidi ya saa 13 hata kama hakuna mtu mwingine anayeitumia, na sehemu kubwa ya vifurushi hivyo hakuna seva itakayoviomba kamwe. Ndiyo maana Katello ina mpangilio wa kupakua kifurushi pale tu kinapoombwa kwa mara ya kwanza; kwa ofisi ya ukubwa huu, huo ndio mpangilio wa kuanzia.

Matawi na laini zinazokatika

Seva iliyo Lubumbashi haipaswi kuuliza moja kwa moja kila mashine ya Kolwezi. Weka kwenye tawi mashine ndogo ya kukusanya vipimo, ambayo Zabbix huiita proksi, iendeshe kwa SQLite (hifadhidata ndogo isiyohitaji seva yake), nayo ipeleke data makao makuu laini inaporudi. Kwa kawaida proksi hiyo huhifadhi data ya saa 1 tu mawasiliano yakikatika. Ongeza mpangilio wa ProxyOfflineBuffer, unaoruhusu hadi saa 720. Kwa tawi lenye vipimo 1,500 kwa dakika, siku tatu za kukatika zinadai chini ya GB 1, kwa hiyo kompyuta ndogo yenye RAM ya GB 4 na SSD ya kuaminika inatosha.

Umeme, joto na vumbi

Umeme wetu ni wa volti 220 na hezi 50. Vyanzo vya umeme vya seva nyingi hukubali volti 100 hadi 240, lakini UPS iliyotengenezwa kwa soko la Marekani ni ya volti 120, na bei yake nzuri haisaidii kitu. Pale ambapo jenereta ndiyo inayochukua zamu umeme wa mji unapokatika, chagua UPS inayobadilisha umeme muda wote. Zile za aina nyepesi hurukia betri kila jenereta inapoyumba, na betri huisha huku jenereta ikinguruma nje. Hesabu mzigo kwa wati, ukijumlisha seva, swichi na ruta, kisha amua muda: wa kuwasha jenereta, au wa kuzima kwa utaratibu. Kuzima huko kuachie programu, kwa mfano Network UPS Tools, kuliko kumtegemea mlinzi wa usiku.

Umeme unaporudi, seva ya usimamizi iwe kati ya za kwanza kuwaka. Weka kwenye BIOS (programu ya msingi inayowasha mashine) mpangilio wa kujiwasha yenyewe, na hakikisha haitegemei kitu ambacho yenyewe ndiyo inayokiangalia. Ikiwa imewekwa kama seva pepe ndani ya mashine ileile inayobeba mifumo yote mingine, siku mashine hiyo inapoanguka hakuna atakayepata taarifa.

Seva nyingi za ofisi zimepimwa kufanya kazi hadi nyuzi 35, na kiwango hicho hushuka kwa nyuzi 1 kwa kila mita 300 juu ya mita 900. Lubumbashi, kwenye mita zipatazo 1,200, inapoteza nyuzi 1. Goma na Bukavu, karibu na mita 1,500, zinapoteza 2. Mwezi wa Oktoba chumba kisicho na kiyoyozi hakina akiba yoyote. Betri za UPS zinaumia mapema zaidi: zile za risasi hupoteza takriban nusu ya maisha kwa kila nyuzi 10 juu ya 25. Vumbi jekundu la kiangazi huziba feni, kwa hiyo weka kichujio mlangoni na usafishaji kwenye ratiba.

Majina, saa na milango ya mtandao

Kila mashine iwe na jina kamili linalotafsirika kuwa anwani, na anwani irudi kuwa jina lilelile. Satellite na Katello hukataa kusakinishwa bila hilo, na hutaka jina liandikwe kwa herufi ndogo. Kwa kuwa Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja, seva zote zitumie saa ya UTC (saa ya marejeo ya dunia) na zisawazishwe kwa programu ya chrony, huku saa ya Africa/Lubumbashi ikionyeshwa kwa mtumiaji tu. Mwombe msimamizi wa mtandao afungue milango mapema na kwa maandishi: 22 kwa SSH (kuingia kwenye seva kwa mbali), 10050 na 10051 kwa Zabbix, 5986 kwa WinRM iliyosimbwa, 123 ya UDP kwa saa.

Yote haya yaandikwe kwenye karatasi ya mahitaji itakayopelekwa kwa muuzaji, pamoja na sharti la majaribio kabla ya kupokea mashine: iwashwe na mfumo endeshi uliochaguliwa, chanzo kimoja cha umeme kichomolewe ikiwa kazini, diski moja itolewe na kurudishwa, kisha umeme wote ukatwe ukutani ili uone UPS inashikilia kwa muda gani ikiwa na mzigo wake halisi.