Jinsi ya kusoma ishara kwenye hadithi fupi: anza na koti, kidani baadae

Ukipewa swali la ishara kwenye The Necklace (yaani Kidani), hadithi fupi ya Mfaransa Guy de Maupassant, ile ya 1884, najua utaandika nini: kidani kinaashiria tamaa. Sio kosa, mi mwenyewe shule niliandika hivohivo nikapewa maksi za huruma, ila hapo umerudia tu kitu ambacho hadithi yenyewe ishasema.

Fanya hivi. Mara ya kwanza soma bila kalamu, ujue tu nani kafanya nini. Mathilde, mke wa karani wa wizara, kaalikwa kwenye dansi ya wakubwa, kaazima kidani kwa rafiki yake, Bi Forestier, kikapotea, wakakopa wakanunua kingine kwa faranga 36,000, wakalipa deni miaka 10, mwisho anaambiwa kile cha mwanzo kilikuwa feki, hakizidi faranga 500. Basi.

Sasa rudi na kalamu, pigia mstari vitu vya kushikika tu, nguo, boksi, gari, maana yake utaitafuta baadae. Halafu kila kitu kiulizie: hiki kinamfanya mtu afanye nini?

Hapo ndo utakutana na koti. Ni kama saa kumi alfajiri, dansi imeisha, mume anamtupia mabegani koti la Mathilde mwenyewe la baridi, la kila siku, la kimaskini. Wenzie wanajifunika manyoya ya bei mbaya. Mathilde anaona aibu, mume anamwambia ngoja kwanza niite gari utashikwa na baridi, wapi, keshashuka ngazi mbio, wakatembea hadi karibu na mto Seine wanatetemeka ndo wakapata gari la farasi chakavu, na Maupassant anasema magari ya aina hiyo Paris unayaona usiku tu, kana kwamba mchana yanaonea aibu uchakavu wake. Umeona alichofanya? Gari lina aibu ileile ya mwenye koti! Na kufika nyumbani Mathilde anakumbuka kabisa kidani alikigusa kabla hawajatoka pale, kwa hiyo kimepotea njiani, wakati anaikimbia aibu, na namba ya gari hakuna aliyeishika.

Kwa hiyo usiandike "koti linaashiria umaskini", andika koti linamkimbiza. Ukitumia kitenzi, maana inakuja yenyewe, kwamba huyu mama hakuponzwa na kupenda vya watu tu, kaponzwa na kuficha cha kwake.

Rangi nenda nazo polepole. Kiboksi cha kidani ni cha satini nyeusi, na wengi wanakimbilia kuandika kifo, mi naona hapana. Angalia boksi linafanya nini. Wanalipeleka kwa sonara ambaye jina lake limo humo ndani, anawaambia kidani sio yeye aliyeuza, labda yeye alitoa boksi tu. Yani wameambiwa! Boksi la sonara, mali sio ya sonara, na bado hawakushtuka. Afu siku wanarudisha, Bi Forestier analalamika kidogo kwamba amecheleweshewa, anapokea, hafungui.

Hilo boksi kufungwa ndo aya yako ya pili, baada ya ile ya koti. Ila kabla hujaiandika rudi siku ile ya kuazima, Mathilde kasimama mbele ya kioo, kidani shingoni, usome kila neno analomwambia rafiki yake, uone kama kuna mahali anauliza bei.