Kuiombea nyumba inayosumbuliwa usiku: ninavyofanya hapa Malindi

Nikiitwa kwamba nyumba ina mapepo, sitoki mbio na chupa ya mafuta. Nauliza kwanza: nani anaumwa? Mwaka juzi niliitwa Maweni, kijana anaanguka, povu mdomoni, na jamaa wameshasema ni jini. Niliomba nao, kulipokucha nikafuatana na mamake hadi hospitali. Ni kifafa. Anameza dawa kila jioni na bado tunamwombea, sioni vinavyogombana.

Kisha, usiruhusu mtu aulize "nani ameniroga?" Hapa kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa swali hilo. Paulo anasema kushindana kwetu si juu ya damu na nyama (Waefeso 6:12). Bibi mwenye mvi na macho mekundu kwa moshi wa kuni ni damu na nyama. Jina la jirani likitajwa kwa ubaya, mimi husimamisha maombi papo hapo.

Kama kuna hirizi, aitoe yeye aliyeitundika. Waefeso wa Matendo 19 walivileta vitabu vyao vya uganga wenyewe wakavichoma, vya thamani ya fedha 50,000. Ile ya mwisho niliyoiona ilikuwa juu ya mlango wa jikoni: kitambaa cheusi, kimeshonwa kwa uzi mwekundu, kimeganda masizi. Mwenye nyumba alipanda kigoda, mkono ukimtetemeka, akaikata kwa kisu cha samaki. Tukaitia kwenye jiko la makaa, tukasoma Zaburi 91 mpaka ikawa majivu.

Hakuna haja ya kupiga kelele. Jina la Yesu si azima. Katika Matendo 19 hiyo hiyo, wana 7 wa Skewa, kuhani wa Kiyahudi, walilitamka juu ya mwenye pepo bila kumjua mwenyewe, wakatoka mbio uchi na majeraha.

Kufunga ni kuzuri, lakini kunywa maji na jioni ule. Mtoto, mjamzito na anayetumia dawa wasifunge. Sisi tuliona Shakahola, msitu wa hapa Kilifi ambako waumini waliambiwa wafunge mpaka wafe: mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ikifukuliwa. Akikuambia mtu ufunge mpaka ufe ukamwone Yesu, chukua watoto wako uondoke. Na anayetaka pesa ndipo akuombee, mwache, tulipewa bure.

Sasa kazi yenyewe, ambayo wengi huiruka. Yesu alisema pepo akitoka hurudi, na akikuta nyumba tupu, imefagiwa, huleta wenzake 7. Basi ijaze. Kila usiku kabla ya kulala tandikeni mkeka, someni kipande cha Marko, mtoto naye asome, muimbe, muombe. Mume na mke waliokasirikiana wasameheane hapo hapo, maana Waefeso 4 inasema hasira unayolala nayo humpa Ibilisi nafasi. Nyumba nyingi nilizoitiwa, mlango ulikuwa huo.

Baada ya wiki mbili narudi bila kupiga simu, saa mbili usiku. Nikikuta mkeka umetandikwa, navua viatu, naketi pembeni, nangoja zamu ya mtoto kusoma.