Kuisoma The Great Gatsby barazani: jioni tano na daftari moja

Riwaya hii ya F. Scott Fitzgerald ni fupi, sura 9 tu, na chapa nyingi hazifiki kurasa 200. Anayeiacha njiani kwa kawaida hulaumu Kiingereza chake, na mara nyingi kosa liko kwengine. Mambo hayakupangwa kwa mfuatano wa miaka, na msimulizi wake, Nick Carraway, anatoa habari kwa vipande, nyengine amezisikia kwa watu. Kundi la watu sita au wanane likijipanga mapema, linaimaliza kwa jioni tano.

Nakala si tatizo. Haki miliki yake Marekani ilimalizika mwanzoni mwa 2021, kwa hivyo Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, inayo ya bure, na simu inatosha kuisomea. Sura ya 7 tu ndiyo muitoe fotokopi, maana mtaichora pembeni. Epukeni matoleo yaliyofupishwa kwa ajili ya skuli: yanabakisha visa na kutupa maelezo, na utamu wa kitabu hiki umo kwenye maelezo.

Jioni ya kwanza chukueni sura ya 1 na 2, ya pili 3 na 4, ya tatu 5 na 6, ya nne sura ya 7 peke yake kwa kuwa ndiyo ndefu kuliko zote, na ya tano 8 na 9. Kutaneni baada ya Isha. Baina ya Alasiri na Magharibi muda hautoshi. Kila mtu asome nyumbani, barazani ukurasa mmoja au miwili tu ndiyo isomwe kwa sauti.

Sasa daftari. Pigeni mstari katikati: kushoto namba ya sura, kulia mwaka wa tukio. Yanayotokea mbele ya macho ya Nick ni ya kiangazi cha 1922. Lakini habari za 1917, Daisy, binamu yake Nick, alipokuwa na afisa kijana wa jeshi mjini Louisville, zinakuja sura ya 4 kwa mdomo wa rafiki yake Daisy, Jordan Baker. Harusi ya Daisy na Tom Buchanan, Juni 1919, imo humo humo. Gatsby, ndiye yule afisa, kuwa alizaliwa James Gatz, mtoto wa wakulima maskini wa North Dakota, kunangoja sura ya 6, na mapenzi yenyewe ya Louisville yanarudi tena sura ya 8. Asiyeandika haya hufika sura ya 6 akidhani amekosa ukurasa.

Ukurasa wa pili wa daftari ni wa pesa. Nick analipa kodi dola 80 kwa mwezi. Tom alimpa Daisy mkufu wa lulu wa dola 350,000, yaani kodi ya Nick kwa zaidi ya miaka 360. Mbele ya kila jina andikeni pesa zimetoka wapi. East Egg, mtaa wa Tom na Daisy, ni urithi; West Egg, mtaa wa Gatsby na Nick, ni pesa mpya. Visiwani hili halihitaji somo: ukoo uliokuwa na mashamba ya mikarafuu na mtu aliyepandisha ghorofa juzi hawasalimiwi kwa sauti moja. Za Gatsby hazieleweki mpaka ukumbuke kwamba pombe ilipigwa marufuku Marekani kuanzia 1920 hadi 1933. Tom anamfichua sura ya 7: maduka ya dawa yaliyouza pombe kwa siri.

Sura hiyo hiyo ndiyo inayowapoteza wengi, kwa sababu ya magari. Choreni safari mbili. Kwenda mjini, Tom anaendesha gari la njano la Gatsby, akiwa na Nick na Jordan. Gatsby na Daisy wamo katika gari la Tom. Tom anasimama kwenye gereji ya Wilson kutia petroli, na Myrtle, mke wa Wilson na hawara wa Tom, anamwona kutoka dirishani. Kurudi, wamebadilishana: gari la njano limewachukua Gatsby na Daisy, na anayeendesha ni Daisy. Myrtle analikimbilia akidhani yumo Tom, linamuua. Ukikosa kubadilishana huko, kifo cha Gatsby katika sura ya 8 kitakuwa kitendawili.

Maisha ya mwandishi yawekeni mpaka baada ya sura ya 6, na yasizidi robo saa. Alizaliwa St. Paul, Minnesota, 1896. Zelda Sayre alivunja uchumba naye mwaka 1919 kwa wasiwasi wa kipato chake, kisha wakaoana Aprili 1920, siku chache baada ya riwaya yake ya kwanza kutoka. Mfanano upo, lakini Gatsby si Fitzgerald. Kitabu kilitoka Aprili 10, 1925, hakikuuza alivyotarajia, naye akafa 1940 akiwa na miaka 44.

Sura ya 9 ipeni muda mrefu. Orodhesheni waliofika mazikoni kwa Gatsby: Nick, baba mzazi wa Gatsby, mchungaji, watumishi wachache, mtu wa posta, na yule mgeni wa miwani mikubwa. Kwa sisi tunaoacha duka wazi tukafuate jeneza la tusiyemjua, orodha hiyo inashtua kuliko risasi. Kisha fungueni sura ya 4, palipo na majina ya waliokula kwake kiangazi kizima. Wasomaji wengi huyaruka. Yasomeni yote kwa sauti, halafu linganisheni.