Namna ya kusoma takwimu za utafiti wa mazoezi na mafuta mwilini

Ninaowafundisha mazoezi hunitumia vichwa vya habari kila mara: "Zoezi hili linachoma mafuta mara 9 zaidi!" Sibishi wala sikubali papo hapo. Natafuta utafiti wenyewe, naupita muhtasari haraka, naenda moja kwa moja kwenye majedwali. Huko nafuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Uliza tarakimu hiyo ni ya nini

Kaa hapa kuliko kwingine kote. Hiyo "mara 9" ina chimbuko la kweli. Mwaka 1994 watafiti wa Chuo Kikuu cha Laval, Kanada, walilinganisha mazoezi ya ustahimilivu ya wiki 20, yaliyofanywa na watu 17, na mazoezi makali ya vipindi vifupi (unajituma sana kwa muda mfupi, unapumzika, unarudia) ya wiki 15, yaliyofanywa na watu 10. Walichopima ni unene wa mikunjo ya ngozi (ngozi inabanwa pamoja na mafuta yaliyo chini yake) katika sehemu sita za mwili, si kilo za mafuta. Mara 9 ilipatikana baada ya kugawa upungufu huo kwa nishati iliyotumika mazoezini. Kundi la vipindi vifupi lilitumia chini ya nusu ya nishati ya wenzao, na ukigawa kwa namba ndogo jibu huwa kubwa. Ni kweli kundi hilo lilipungua zaidi hata kabla ya hesabu hiyo, ila si kwa mara 9.

Asilimia nazo zina ujanja wao. Mtu akitoka asilimia 30 ya mafuta mwilini hadi 28.5, amepungua pointi 1.5, au asilimia 5 ya alichokuwa nacho. Zote mbili ni sahihi, na unajua ipi itawekwa kwenye tangazo. Mwaka 2019 uchambuzi wa tafiti nyingi katika British Journal of Sports Medicine ulisema mazoezi ya vipindi hupunguza mafuta kwa asilimia 28.5 zaidi ya mazoezi ya mwendo wa wastani. Geuza iwe kilo: mmoja akipoteza kilo 1, mwenzake amepoteza kilo 1.285. Tofauti ni gramu 285.

Hatua ya 2: Angalia kifaa

Mizani ya umeme hukisia mafuta kwa kupitisha mkondo mdogo mwilini, kwa hiyo maji uliyokunywa au jasho lililokutoka hubadili jibu. Mashine ya DXA, inayopima mafuta kwa eksirei, ni bora, lakini nayo ina kosa lake. Badiliko likiwa dogo kuliko kosa la kifaa, usilijengee hoja.

Hatua ya 3: Linganisha kundi na kundi

Tuseme kundi A limepoteza kilo 1.6 (p = 0.03) na kundi B kilo 1.3 (p = 0.08). Hiyo p ni uwezekano wa kuona badiliko kubwa kiasi hicho kwa bahati tu kama zoezi halina athari; kwa desturi ikiwa chini ya 0.05 matokeo huhesabiwa kuwa ya maana. Mwandishi anaandika kwamba A "limefanikiwa" na B halikufanikiwa. Kosa hili nalikuta mpaka kwenye majarida yenye heshima, na linaniudhi. Kila p hapo inalinganisha kundi na lenyewe, kabla na baada. Swali letu ni tofauti baina ya makundi, nayo ni kilo 0.3 tu. Tafuta masafa ya uhakika ya asilimia 95 ya tofauti hiyo, yaani kuanzia wapi hadi wapi tofauti halisi inaweza kuwa kulingana na data. Yakianzia B kuongoza kwa kilo 1.8 hadi A kuongoza kwa kilo 2.4, utafiti haujaonyesha nani bora. Haujathibitisha kwamba wako sawa pia.

Hatua ya 4: Usiishie kwenye wastani

Wastani wa kupungua ukiwa kilo 1.5 na mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi matokeo ya watu yanavyotawanyika kuzunguka wastani) kilo 2, na matokeo yakitawanyika kwa umbo la kengele, zaidi ya mshiriki mmoja kati ya watano hakupungua au aliongezeka. Usikimbilie kusema miili yao "haiitikii" mazoezi. Sehemu ya mtawanyiko huo ni makosa ya vipimo, na nyingine ni chakula.

Hatua ya 5: Hesabu waliobaki

Walioanza 40, waliomaliza 26: je, wale 14 wameingizwa kwenye hesabu? Wanaoacha mara nyingi ndio ambao zoezi limewashinda, na kuwaondoa huipamba programu. Kisha tazama kama chakula kilidhibitiwa au washiriki walijaza tu daftari la walichokula. Watu wengi huandika pungufu. Kama ni daftari tu, huwezi kujua upungufu umetokana na zoezi kiasi gani na sahani kiasi gani.