Simu iwekwe walipo watu, si jukwaani

Wenzangu mnaopiga nyimbo za kopi, shoo ikiisha msiulizane wenyewe kama imekwenda vizuri. Mtadanganyana. Mpeni ndugu mmoja simu akae nayo nyuma kabisa, walipo watu, arekodi kuanzia wimbo wa kwanza.

Sisi Jumamosi tulipiga harusini Ngamiani, uwanja wa wazi, zilipendwa tupu: Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, mambo ya hapa hapa Tanga. Tukashuka tunapeana mikono. Jumapili tukakaa barazani na ile rekodi, moyo wangu ukanywea. Magitaa matatu, solo, sekondi na ridhimu, yamebanana sehemu moja, kila mpigaji akiongeza sauti ili ajisikie. Besi haipo. Mwimbaji anasikika mwisho wa mstari tu. Na nyimbo zile utamu wake ni kila gitaa kuwa na chumba chake!

Nje besi hupotea kwa sababu hakuna kuta za kuirudisha. Kwa hiyo kabla ya kuipandisha, shusheni magitaa. Mkono wa ridhimu ubaki karibu na kichwa cha gitaa, wa sekondi usogee kwenye shingo kuelekea tumbo la gitaa, solo anyamaze mwimbaji akiingia. Amplifaya nazo ziinueni kwenye kreti la soda. Ikiwa chini inapiga miguuni, mpigaji haisikii, ndipo anapoongeza.

Jana mazoezini tumejaribu, simu ikiwa mlangoni. Tumba zimesikika kwa mara ya kwanza.