Kupima Mita 400: Kuchora Ramani ya Visima vya Mkoa wa Dodoma kwa QGIS

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kipimo kinachojulikana na kila mhandisi wa maji wilayani: kituo cha kuchotea maji kijijini kiwe ndani ya mita 400 kutoka kwenye makazi, na kihudumie watu 250. Mwenye jedwali la Excel lenye visima vya Bahi, Chamwino au Kongwa hawezi kukihakiki kipimo hicho kwa kulikodolea macho jedwali lake. Anahitaji ramani inayopiga hesabu, na kwa kazi hiyo QGIS, programu huria isiyolipiwa iliyoanzishwa na Gary Sherman mwaka 2002, inatosha kabisa. Ukishaipakua na kuisakinisha, hesabu zote zilizoelezwa hapa hufanyika bila intaneti.

Anza na jedwali lenyewe. Kila kisima kiwe na mstari wake, na latitudo na longitudo zikae kwenye safu mbili, zikiandikwa kwa desimali. Ikiwa fomu za uwandani zina nyuzi, dakika na sekunde, gawanya dakika kwa 60 na sekunde kwa 3600, kisha ujumlishe: nyuzi 6, dakika 10 na sekunde 12 huwa 6.17. Kwa kuwa tuko kusini mwa Ikweta, latitudo itanguliwe na alama ya kutoa. Hifadhi jedwali kama CSV, yaani faili la maandishi matupu ambalo safu zake hutenganishwa kwa mkato, kisha uliingize katika QGIS kama tabaka la nukta, ukiiambia programu kwamba X ni longitudo, Y ni latitudo, na mfumo wa viwianishi (kanuni ya kutaja mahali kwa namba) ni WGS 84, wenye namba ya utambulisho EPSG:4326, ambao ndio unaotumiwa na GPS za simu.

Makosa mengi ya hatua hii hujitangaza yenyewe. Ukisahau alama ya kutoa, visima vya Dodoma mjini vitaibukia kusini-magharibi mwa Ethiopia. Ukibadilisha nafasi za X na Y, vitazama katika Bahari ya Atlantiki, magharibi kidogo ya Tangier nchini Morocco. Linalonitia hofu ni kosa lisiloonekana. Ramani za zamani za topografia za skeli ya 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo mwingine wa viwianishi, Arc 1960, na viwianishi vyake vikisomwa kana kwamba ni vya WGS 84, kila nukta husogea takribani mita 300. Nukta hizo bado zitaangukia kijiji kilekile na hakuna atakayeshtuka, ila kwa anayepima mita 400 jibu limekwisha kuharibika. Niliwahi kuletewa orodha ya visima ambayo nusu yake ilitoka kwenye GPS na nusu kwenye ramani ya karatasi, bila kuelezwa ipi ni ipi, na ikabidi turudi uwandani upya. Tangu hapo sipokei jedwali lisilo na safu ya mfumo wa viwianishi.

Hatua ifuatayo ni kuligeuza tabaka liingie katika mfumo wa mita, kwa maana ukiomba duara la 400 kuzunguka kila kisima wakati tabaka liko katika nyuzi, programu itachora nyuzi 400, yaani zaidi ya mzunguko wa dunia. Hapa Mkoa wa Dodoma una mtego wake: longitudo ya 36, iliyo mpaka wa kanda mbili za UTM (mfumo wa mita unaoigawa dunia katika kanda za nyuzi sita), inapita katikati ya mkoa. Jiji la Dodoma liko kanda ya 36 Kusini, ilhali Kongwa na Mpwapwa mjini ziko kanda ya 37. Ushauri wangu ni kuugeuza mkoa mzima uwe EPSG:32736, yaani UTM kanda ya 36 Kusini, kwa kuwa hata Mpwapwa kosa la kipimo halifiki mita moja katika mita 400. Lakini namba zilizoandikwa uwandani kwa kanda ya 37 zisisomwe kama za kanda ya 36, kwani kisima cha Kongwa kitahamia zaidi ya kilomita 600 magharibi, upande wa Ziwa Tanganyika.

Baada ya hapo chora maduara ya mita 400, uyaunganishe yawe umbo moja, kisha uiagize programu ichague nyumba zilizo nje yake. Nyumba zinapatikana katika OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, ingawa vijiji vingine havijachorwa vyote, na kijiji kisichochorwa kisihesabiwe kuwa hakina watu. Kumbuka pia kwamba duara hupima njia ya ndege. Mama mwenye ndoo kichwani huzunguka korongo.

Hatimaye ongeza safu ya hali ya kisima, ubakize vile tu vinavyotoa maji hata mwezi Oktoba, na uchore maduara upya. Ramani hiyo ya pili ndiyo ya kupeleka kwenye kikao cha halmashauri.