Namna ya Kutumia Bakteria Kusafisha Maji ya Ardhini Chini ya Kiwanda

Mwongozo huu unahusu trikloroetilini, kiyeyushi kilichotumika kwa miaka mingi viwandani kuondoa grisi kwenye vyuma. Kwa kuwa ni kizito kuliko maji, kikimwagika huzama, na chaweza kukaa ardhini kwa miongo kadhaa kikiyachafua kidogo kidogo maji ambayo watu wanayachota visimani.

Bakteria wa jenasi ya Dehalococcoides wanaweza kuimaliza sumu hii kabisa, kwani huchomoa atomu za klorini moja baada ya nyingine hadi ibaki etilini, gesi ile ile inayoivisha ndizi. Hatari iko njiani: kabla ya etilini hutokea kloridi ya vinili, inayosababisha saratani. Katika maji ya kunywa, Marekani inaruhusu mikrogramu 5 za trikloroetilini kwa lita, lakini 2 tu za kloridi ya vinili. Kazi ikiachwa katikati, jirani ameongezewa madhara.

Kwanza chimba visima vya uchunguzi kwa kufuata mkondo wa maji, kisha pima sumu zote za mnyororo huo, kuanzia trikloroetilini hadi kloridi ya vinili, pamoja na oksijeni, nitrati, salfeti na pH, yaani kipimo cha uasidi. Bakteria hawa hawastahimili oksijeni, na pH ikishuka chini ya 6 hudhoofika. Unapochukua sampuli, vuta maji polepole, jaza chupa ya mililita 40 mpaka maji yavimbe mdomoni, funga, kisha ipindue na kuigongagonga. Ukiona kiputo kikipanda, chukua sampuli nyingine, maana sumu huhamia kwenye hewa hiyo na maabara itakupa kiwango kidogo kuliko kilichopo.

Kisha andaa chakula. Mafuta ya soya yaliyochanganywa na maji hadi yakawa kama maziwa hudungwa visimani, ambamo vijidudu vingine huyachachusha na kutoa hidrojeni wanayoitegemea Dehalococcoides. Penye salfeti nyingi ongeza kiasi, kwa sababu wako bakteria wengine watakaoigombania hidrojeni hiyo.

Chakula peke yake huenda kisitoshe. Katika kambi ya jeshi la anga ya Dover, jimboni Delaware, jaribio lililoanza mwaka 1996 lilitumia laktati, chumvi ya asidi ya laktiki, kama chakula. Trikloroetilini ikapungua, lakini mabadiliko yakakwama kwenye dikloroetilini, hatua iliyo kati yake na kloridi ya vinili. Mwaka 1997 walidungwa bakteria walioletwa kutoka Florida, na baada ya takriban miezi mitatu kloridi ya vinili na etilini zikaanza kuonekana. Kwa hiyo pima vinasaba vya bakteria waliopo, na hasa jeni ya vcrA inayohusika na kuvunja kloridi ya vinili. Usipoipata, leta bakteria wanaofaa, lakini uwadunge baada tu ya oksijeni kwisha majini.

Usitangaze mafanikio kwa sababu trikloroetilini imetoweka. Subiri uone etilini ikipanda na kloridi ya vinili ikishuka, kisima baada ya kisima, jambo linaloweza kuchukua miaka. Wakati wote huo pima pia metani na kloridi ya vinili katika hewa ya majengo yaliyo juu ya eneo hilo, na visima vya kunywa vya majirani vibaki vimefungwa.